Kugandisha Bomba ili Kulifanyia Matengenezo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa mafundi bomba, wasimamizi wa majengo na wahandisi wa matengenezo katika hoteli, hospitali, viwanda na maghorofa. Vipimo vya mabomba tumevitaja kama vinavyotajwa dukani: chuma kwa inchi, shaba na PPR (plastiki inayounganishwa kwa joto) kwa milimita. Muda uliotajwa ni wa kukadiria. Eneo lako la kazi ndilo litakaloamua.

## Mambo ya msingi

Kugandisha bomba maana yake nini hasa?

Ni kugeuza kipande kifupi cha maji yaliyomo ndani ya bomba kuwa barafu ngumu, ili barafu hiyo izibe kama valvu wakati unakata au kubadilisha kitu mbele yake. Pale linapogandishwa bomba halitobolewi wala halikatwi. Ubaridi unatoka nje, unapita ukutani, unaingia kwenye maji. Barafu huanza kushika ukutani na kujaa kuelekea katikati hadi tundu la mwisho lizibe. Kazi ikiisha unaondoa ubaridi, barafu inayeyuka, maji yanapita tena.

Kinachozuia kizibo kisisukumwe ni barafu kung'ang'ania ukuta wa bomba. Chukua tangi lililo mita 18 juu ya sehemu ya kazi: hiyo ni presha ya bar 1.8 hivi, na kwenye bomba la inchi 2 inasukuma kizibo kwa nguvu ya karibu kilo 40. Kizibo kilichoganda sawasawa, chenye urefu wa angalau mara mbili ya kipenyo, hubeba mzigo huo bila wasiwasi. Kilichoganda nusu hakibebi chochote.

Inafaa wakati gani, na wakati gani ni kujisumbua?

Kwa nyumba ya kawaida yenye tangi la lita 1,000 juu ya paa, usigandishe. Funga koki ya tangi, fungua bomba la chini, subiri maji yaishe, fanya kazi yako. Hata kama koki ya tangi imekufa, kumwaga lita 1,000 ni nafuu kuliko kukodi mashine.

Kugandisha kunaanza kuwa na maana pale ambapo kumwaga maji kuna gharama kubwa au haiwezekani. Mfano ni raiza (bomba kuu la wima) ya ghorofa kumi ambayo geti valvu yake ya chini inazunguka tu bila kufunga, mfumo wa maji baridi ya viyoyozi wenye maelfu ya lita zilizotiwa dawa ya kuzuia kutu, hospitali isiyoweza kuzima maji ya wodi nzima kwa sababu ya yunioni moja (kiungio kinachofunguka), au mtandao wa spinkla za moto (vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto). Kumwaga mfumo mkubwa pia kunaingiza hewa, na kuitoa hewa hiyo baadaye kunaweza kula siku nzima.

Na kama umeshagandisha mahali kwa sababu valvu haifungi, funga valvu mpya hapo hapo kabla ya kuyeyusha. Tunashangaa bado tunaona watu wanaogandisha bomba lile lile kila mwaka.

Barafu haitapasua bomba?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na hofu hiyo ina msingi: maji yakiganda yanaongezeka ujazo kwa takriban asilimia 9. Lakini kinachopasua bomba ni maji yaliyonaswa yakakosa pa kwenda. Kizibo cha urefu wa sentimita 10 kwenye bomba la inchi 2 kina kama robo lita ya maji au pungufu kidogo, na ongezeko lake ni mililita 20 hivi, vijiko vinne vya chai. Barafu inapojaa kutoka ukutani, maji hayo yanasukumwa kwenda kushoto na kulia ndani ya bomba. Kama upande mmoja una tangi lililo wazi, tangi la upanuzi au hata hewa kidogo, hakuna kinachotokea.

Hatari inakuja ukigandisha karibu na valvu iliyofungwa vizuri, kwenye kipande kifupi kilichozibwa mwisho, au kati ya vizibo viwili. Vijiko vinne hivyo havina pa kuingia, presha inapanda haraka, na kitakachoachia ni kiungio kilicho dhaifu kuliko vyote. Kabla ya kuanza jiulize: maji yatakayosukumwa yataenda wapi? Ukikosa jibu, sogeza sehemu ya kugandisha.

Maji ya kunywa yanachafuka?

Hapana. Gesi au kimiminika baridi kinabaki nje ya bomba. Kinachoweza kuchafua maji ni kukata na kuunganisha kwenyewe, pamoja na kutu inayobanduka barafu inapoyeyuka. Ndiyo maana tunasisitiza kusafisha bomba baada ya kazi (tazama sehemu ya kuyeyusha).

## Njia za kugandisha

Kuna njia zipi, na nichague ipi?

Njia zinazotumika kweli kazini ni nne.

Kopo la dawa ya kupuliza hufaa mabomba madogo ya shaba, yale ya 15 mm na labda 22 mm, kwa kazi ya dakika chache. Soma maandishi ya kopo: mengine yana gesi inayoshika moto, na hayo hayakai pamoja na tochi ya lehemu.

Mashine ya umeme ni friji ndogo yenye vichwa viwili vinavyobana bomba. Vichwa hushuka hadi karibu nyuzi 30 chini ya sifuri. Mashine nyingi zinaishia inchi 2. Faida yake kubwa ni kwamba inashikilia kizibo saa zote unazotaka bila kumaliza gesi, alimradi umeme upo. Kwa fundi wa majengo, hii ndiyo ya kununua kwanza.

CO2 (kaboni dioksidi) ya kimiminika inapulizwa ndani ya jaketi lililofungwa kuzunguka bomba. Ikitoka kwenye mtungi inageuka theluji ya barafu kavu yenye nyuzi 78 chini ya sifuri. Inagandisha haraka kuliko mashine ya umeme na haihitaji umeme, ila lazima uongeze theluji kila baada ya dakika chache.

Nitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ni kwa mabomba makubwa, kuanzia inchi 3 au 4 kwenda juu. Hii ni kazi ya timu iliyofunzwa, yenye kipimo cha oksijeni na jaketi la chuma lililotengenezwa kwa kipenyo hicho.

Nitrojeni kimiminika naipata wapi Afrika Mashariki?

Mbali na kampuni za gesi za viwandani, nitrojeni kimiminika inajulikana sana kwa wafugaji kwa sababu ndiyo inayohifadhi mbegu za ng'ombe za uhimilishaji. Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kule Usa River, Arusha, na kile cha KAGRC (kituo cha Kenya cha rasilimali za kijenetiki za mifugo) kilichoko Kabete, Nairobi, huzalisha nitrojeni kwa kazi hiyo. Hata hivyo chombo cha mbegu za ng'ombe hakijatengenezwa kumimina. Kina shingo nyembamba ili mvuke usipotee. Kwa kugandisha bomba unahitaji chombo chenye mrija wa kutolea na valvu ya kupunguza presha.

Lita ngapi zinahitajika?

Chukua bomba la chuma la inchi 4, kizibo cha sentimita 20, maji ya nyuzi 28. Kuna takriban lita 1.7 za maji ndani. Kuyashusha hadi sifuri na kuyagandisha kunahitaji kuondoa kama kilojuli 780, na lita moja ya nitrojeni ikichemka inabeba karibu kilojuli 160. Kwa hesabu tupu ni lita 5. Kazini beba mara kadhaa ya hapo: jaketi na chuma chenyewe vinahitaji kupozwa, maji ya pembeni yanaleta joto, na nitrojeni inaendelea kuchemka muda wote unaokata na kuchomelea.

Naweza kutumia mtungi wa CO2 wa kuzimia moto?

Watu wanajaribu. Mtungi wa kilo 5 unaisha ndani ya sekunde chache tu, theluji inatawanyika badala ya kujaa kwenye jaketi, na jengo linabaki bila kizima moto wakati wewe umewasha tochi. Kodi mtungi wa viwandani wenye mrija wa ndani unaofika chini, ili kitoke kimiminika na si gesi. Mtungi usio na mrija huo ni lazima uinamishwe kichwa chini na kufungwa imara usianguke.

Barafu na chumvi je? Au gesi ya friji?

Barafu iliyochanganywa na chumvi inaweza kushuka hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri kwenye chupa ya maabara. Kwenye ndoo iliyozungushiwa bomba haifiki hapo, inagusa bomba hapa na pale, na inapoteza ubaridi haraka. Huwezi kukata bomba kwa kuiamini.

Gesi ya friji ya kuachia hewani tunaikataa kabisa. R22 inaharibu tabaka la ozoni na nchi zetu zimeshakubali kuiondoa chini ya Mkataba wa Montreal. R134a nayo inaongeza joto duniani. Zote mbili zikijaa chumbani zinafukuza hewa ya kupumua. Na gesi ya kupikia, ambayo kuna anayeiuliza kila mara: hapana, hata nje ya jengo.

## Kabla ya kuanza

Kitu gani cha kwanza kuhakikisha?

Kwamba maji yametulia kabisa. Hata matone ya kuvuja yanaweza kuzuia bomba dogo lisigande, kwa sababu kila tone linaleta maji ya uvuguvugu pale unapoyapoza. Zima pampu, na toa fyuzi au funga swichi kwa kufuli ili mtu asiiwashe ukiwa umekata bomba. Kisha tafuta wezi wa maji: boya la choo linalovuja, koki ya bustani, tangi la ghorofa ya juu linalojaza polepole, mita inayozunguka taratibu. Jengo likiwa na mita, itazame dakika kumi. Ikisogea hata kidogo, bado hujawa tayari.

Maji ya moto yanagandishwa?

Yanagandishwa yakishapoa. Zima boila na pampu ya mzunguko, subiri hadi bomba liguswe kwa mkono bila kuchoma, na bora zaidi hadi lifikie joto la chumba. Kwa sola za maji ya moto juu ya paa kuna mtego: nyingi hazina pampu, maji yanazunguka yenyewe kwa sababu ya jua. Unaweza kuzima kila swichi na maji bado yakawa yanatembea. Funika paneli kwa turubai, au fanya kazi alfajiri.

Mabomba gani yanafaa na yapi hayafai?

Shaba ni rahisi kuliko yote. Inapitisha joto karibu mara nane zaidi ya chuma cha kawaida, na haipotezi ugumu wake kwenye baridi. Chuma kisichoshika kutu cha aina ya 304 na 316 nacho hakina shida.

Chuma cha kawaida, pamoja na kile cha zinki kinachoitwa GI, kinagandishwa kila siku, ila kikipoa sana kinakuwa chepesi kuvunjika. Kwa mashine ya umeme hatari ni ndogo. Kwa CO2 na hasa nitrojeni, hakuna kugonga nyundo, hakuna kukunja wala kuning'iniza mzigo karibu na jaketi. Usigandishe juu ya mahali palipochomelewa, juu ya thredi, kwenye elbo (kona), wala pale kutu ilipokula ukuta. Kwaruza rangi utazame.

Chuma cha kusubu cha zamani, mabomba ya saruji yenye asbestosi, na PVC ngumu tunashauri uviache. PVC ikishapoa hivyo, pigo dogo linaipasua kwa urefu.

PPR inawezekana, lakini tazama swali linalofuata.

Jengo letu lote ni PPR. Inagandika?

Inagandika, na utahitaji subira. Chuma hupitisha joto takriban mara 200 kuliko PPR, na ukuta wa PPR ni mnene. Kwa hiyo muda unaweza kuwa mara mbili au tatu ya ule wa bomba la chuma lenye tundu sawa. Tumia mashine ya umeme, si nitrojeni, kwa sababu PPR inaanza kuwa ngumu na rahisi kupasuka ikifika karibu na sifuri. Shikilia bomba pande zote mbili ili lisitikisike unapokata, na ukate kwa mkasi wa PPR badala ya msumeno.

Kuunganisha PPR kunahitaji nyuzi 260 na ncha kavu. Tone moja linaloshuka kwenye ncha ya bomba linageuka mvuke ndani ya soketi na kuacha tundu ambalo litaanza kuvuja wiki kadhaa baadaye. Kizibo kikivuja hata kidogo, usijaribu kuwahi. Rudi ugandishe zaidi.

Niweke kichwa au jaketi wapi?

Kwenye bomba lililonyooka, la mlalo ukipata. Bomba la wima linachelewa kwa sababu maji yaliyopoa yanazama na ya uvuguvugu yanapanda kuchukua nafasi yake. Yanapokaribia nyuzi 4 mzunguko unageuka. Kaa mbali na tii (kiungio cha njia tatu) yenye maji yanayotembea, angalau mara kumi ya kipenyo. Kama utalehemu shaba au kuchomelea chuma, acha mita moja kati ya moto na kizibo, na funga kitambaa chenye maji katikati. Bomba refu wazi la shaba hupeleka joto mbali kuliko watu wanavyodhani.

## Kazi yenyewe

Hatua zinaendaje?

Toa insulesheni kwa urefu wa nusu mita, futa rangi na kutu hadi chuma kionekane, kausha. Paka jeli ya kupitisha ubaridi kati ya kichwa na bomba, au puliza maji kidogo yagande na kujaza nafasi. Pengo la hewa la milimita moja linaweza kuongeza muda mara mbili. Bana vichwa, washa, funika kwa kitambaa kikavu au plastiki ili upepo usilete joto.

Kwa CO2, funga jaketi kwa nguvu pande zote mbili, fungua valvu kwa vipindi vifupi hadi theluji ijae, kisha ongeza kila inapopungua. Pima mtungi kwa mizani kabla na katikati ya kazi. Geji ya presha haikwambii kimebaki kiasi gani, kwa sababu haishuki hadi kimiminika kiishe.

Andika saa uliyoanza. Usiguse kitu hadi muda wa chini upite.

Itachukua muda gani?

Kwa mashine ya umeme na maji ya nyuzi 25 hivi: shaba ya 15 mm dakika kumi, chuma cha inchi 1 dakika 30 hadi 40, chuma cha inchi 2 saa moja na nusu hadi mbili au zaidi. CO2 ni kama nusu ya hapo. Kanuni ya kukumbuka: kipenyo kikiongezeka mara mbili, muda unaongezeka karibu mara nne. Atakayekuahidi inchi 4 kwa saa moja kwa mashine ya umeme anakudanganya.

Mifumo ya maji baridi ya viyoyozi inagandika haraka kwa sababu maji yenyewe yapo kati ya nyuzi 6 na 12 tayari.

Najuaje kama kimeganda?

Tazama bomba pembeni ya kichwa. Pwani, ambako hewa ina unyevu mwingi, kwanza utaona umande unaodondoka, kisha ukungu mweupe wa barafu unatambaa nje ya kichwa sentimita tatu, nne, tano pande zote mbili. Ukiona upande mmoja mweupe na mwingine bado umande tu, kuna maji yanayotembea kutoka upande ule wa umande. Katafute yanakovujia.

Ukungu mweupe pekee si ushahidi. Ushahidi ni kufungua koki ya kumwagia, au kulegeza yunioni robo mzunguko, upande utakaokatwa, huku ndoo ipo chini. Maji yatatoka, yatapungua, yatakoma. Yakiendelea kuchuruzika, kaza tena na uendelee kugandisha.

Hapa mafundi wengi wanadanganyika: maji yanaweza kukoma si kwa sababu ya barafu, bali kwa sababu hewa haiingii juu, kama ukiziba juu ya mrija wa soda kwa kidole. Fungua koki ya juu kabisa ya kipande hicho hewa iingie, halafu ndiyo uamini.

Naweza kuzima mashine kizibo kikishashika?

Hapana. Endelea kugandisha hadi kiungio kipya kifungwe na kijaribiwe. Barafu inaanza kuachia pale inapogusana na ukuta, kwa hiyo kizibo kinaweza kuonekana kizima katikati huku kimeshalegea pembeni.

Umeme ukikatika je?

Panga kana kwamba utakatika. Weka jenereta karibu, au mtungi wa CO2 na jaketi vya akiba, na kabla ya kukata andaa plagi ya thredi au valvu ya inchi hiyo hiyo iliyokwisha kufungwa tepu, tayari kufungwa ndani ya dakika moja. Bomba la nusu inchi linaweza kuachia ndani ya dakika chache. La inchi 2 linakupa muda zaidi, lakini usiupime kwa kujaribu.

Waya mrefu mwembamba nao ni tatizo: volti zinashuka, kompresa inashindwa kuwaka na kujizima. Tumia waya wa 2.5 mm² na usiuache umekunjwa kwenye roli.

## Inapokwenda kombo

Tumesubiri saa mbili, haigandi. Kwa nini?

Kwa mpangilio wa uwezekano: maji yanatembea, kichwa hakigusi bomba vizuri, ndani ya bomba kuna hewa au maji nusu, maji yana dawa ya kuzuia kuganda (tazama swali la glaikoli). Bomba lenye hewa halina cha kugandisha. Ligonge taratibu kwa kifundo cha kidole kabla ya kulipoza, usikie kama limejaa.

Sababu ya tano ni ya kwetu zaidi: joto la mazingira. Mashine ya umeme iliyowekwa kwenye chumba cha pampu cha nyuzi 38 haiwezi kutupa joto lake. Itoe nje na uilekeze hewa, mipira ya gesi ikifika.

CO2 inatoka lakini theluji ni kidogo sana. Mtungi mbovu?

Huenda mtungi ni mzima ila umepata joto. CO2 haiwezi kuwa kimiminika juu ya nyuzi 31, hata presha iwe kubwa vipi. Mtungi uliokaa juani Dar es Salaam au Mombasa saa nane mchana hauna kimiminika ndani, una gesi nzito iliyobanwa, na theluji yake ni haba. Uweke kivulini tangu jana yake, ufunike magunia yenye maji, na panga kazi asubuhi. Fundi wa Nairobi au Mbeya huenda asilione tatizo hili kamwe.

Kuna hatari gani kwa afya?

Kuna kuungua kwa baridi na kuna kukosa hewa. Kwa baridi: glovu kavu zinazovulika kwa urahisi, miwani au kinga ya uso, suruali nje ya buti ili kimiminika kisiingie ndani ya kiatu. Ngozi iliyogusa chuma cha nyuzi 78 chini ya sifuri inanata. Usiivute, imwagie maji ya uvuguvugu.

Kukosa hewa ndiko kunakoua, kwa sababu hakuna harufu wala onyo. Lita moja ya nitrojeni kimiminika inatoa karibu lita 700 za gesi. Lita tano zikichemka kwenye chumba cha mita 3 kwa 3 chenye urefu wa mita 2.7 zinashusha oksijeni kutoka asilimia 20.9 hadi karibu 18, chini ya kiwango cha 19.5 ambacho vipimo vingi hupigia king'ora. CO2 ni mbaya zaidi, kwa kuwa ina sumu yake yenyewe na ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, hivyo inakaa kwenye shimo la pampu na ghorofa ya chini ya ardhi. Feni ya kutoa hewa iwekwe chini, mtu mmoja abaki juu akikuona, na asiingie kukuokoa bila vifaa. Kwenye lifti, chombo cha nitrojeni kinasafiri peke yake. Na kamwe usizibe mdomo wa chombo hicho.

## Kuyeyusha na kurudisha maji

Nayeyushaje bila kuleta balaa?

Sawazisha presha kwanza. Kipande kipya kikiwa kitupu na upande wa pili una bar 2, kizibo kikilegea kitaruka kama risasi hadi kwenye elbo au valvu yako mpya. Jaza kipande kipya maji kutoka upande mwingine ikiwezekana, toa hewa, funga. Kama huwezi kujaza, funga valvu mpya na uhakikishe imeshikiliwa.

Halafu zima na uache kiyeyuke chenyewe. Tochi ya moto hapana: inayeyusha ukuta kwanza, inalegeza kizibo kizima kwa mara moja, na kwa chuma kilichopoa sana inaleta mpasuko. Kwa bomba dogo, kitambaa chenye maji ya uvuguvugu kinatosha.

Baada ya hapo safisha kupitia koki ya kumwagia, siyo kupitia mita au vichujio, kwa sababu vipande vya barafu na kutu vitatangulia. Kagua kiungio kipya bomba likisharudi kwenye joto la chumba. Kabla ya hapo umande utakufanya uone uvujaji usiokuwepo, au utaficha uliopo.

## Mazingira ya pekee

Mfumo una glaikoli.

Pima kwa kifaa cha kupimia mchanganyiko. Nusu kwa nusu ya ethilini glaikoli inaganda karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, yaani mashine ya umeme haitaifikia kabisa. CO2 inaweza, ila kizibo kinakuwa laini kama rojorojo. Kwa mchanganyiko mzito, mwaga kipande hicho.

Maji ya bahari?

Yanaganda karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, lakini barafu yake ina vijitundu vya maji chumvi na haishiki ukuta vizuri. Tumia CO2 au nitrojeni, ongeza urefu wa kizibo, na kama kuna njia ya kuingiza maji baridi ya kawaida kwenye kipande hicho kwanza, fanya hivyo.

Bomba linalishwa pande zote mbili.

Hapo unahitaji vizibo viwili, na kazi inafanyika katikati yake. Anza kimoja, hakikisha kimeshika, ndipo uanze cha pili huku koki ya kumwagia iliyo katikati ikiwa na njia ya kutoa maji yanayosukumwa. Ukigandisha vyote viwili kwa pamoja katikati pakiwa pamefungwa, umetengeneza ule mtego ulioelezwa kwenye swali la kupasuka.

Spinkla za moto.

Kugandisha kunapunguza sehemu isiyo na ulinzi, hakuondoi wajibu wa kuilinda. Mjulishe msimamizi wa jengo na kampuni ya bima kwa maandishi, weka mtu wa doria mwenye kizima moto, na zima kengele ya mtiririko wa maji ya eneo hilo ili isilie unapomwaga. Iwashe tena kabla hujakusanya vifaa.

Bomba la plastiki la HDPE la mtaani, mm 63?

Liache. Kwa HDPE kuna kibano maalumu cha kuminya bomba hadi lizibe, kisha unaliachia taratibu. Ni cha haraka na cha bei nafuu kuliko barafu. Weka alama pale ulipominya, maana haparuhusiwi kuminywa mara ya pili.

Dizeli na mafuta ya kula?

Dizeli haigandi kuwa kizibo kigumu. Inatoa nta na kuwa rojo, na rojo halizuii presha. Njia inayotumika kwenye mabomba ya mafuta ni kuingiza kipande cha maji ndani ya bomba, kukisukuma hadi mahali panapotakiwa, kisha kugandisha maji hayo. Mafuta ya mawese na ya nazi yanashikamana yenyewe chini ya nyuzi 20 na kitu, lakini yakisukumwa yanateleza ukutani. Usikate ukitegemea hayo.